Uzi Mwekundu wa Remedios Outeiral

Kwa miaka arobaini na tisa Remedios Outeiral alipiga pasi nguo za watu wa Marianao, kando ya Havana, na hakuwahi kupoteza hata soksi. Hakujua kusoma. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, mishono michache upande wa ndani wa ukosi: mwenye duka la dawa alikuwa na msalaba wa buluu, mjane wa kona alikuwa na kijani, binamu yake Avelino Couto alikuwa na mistari miwili myeusi. Uzi mwekundu hakumpa mtu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba mwekundu una mwenyewe.

Mimi nilikuwa mpangaji wake, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili, nikilala chumba cha uani. Chuo kilipofungwa kwa migomo nilishinda jikoni kwake nikihubiri haki na usawa, huku yeye akitia mashati wanga.

"Hiyo haki yako, Evelio, inajua kukunja shuka?"

"Mama Remedios, mimi nazungumzia taifa zima!"

"Na mimi nazungumzia shuka. Shika pembe hiyo, vuta."

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka 1951, nilikuwa nikimsomea gazeti. Iliandikwa kwamba mahali palipokuwa na kambi ya madaktari, ng'ambo ya kijito, patawekwa jiwe la kumbukumbu, lenye majina ya vijana waliojitolea kuumwa na mbu mwaka 1900 ili ijulikane homa ya manjano inaenezwa na nini. Yalitajwa majina ya wanajeshi wa kigeni, kisha ya wahamiaji wetu wa Kihispania. Nikasoma kwa fahari: "Avelino Couto, aliye hai, mwenye duka la vyakula hapa Marianao."

Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Remedios alikuwa amesimama, mkono juu ya pasi, na pasi juu ya shati la mteja. Alipoinua, unyayo wa kahawia ulibaki kifuani mwa shati.

"Rudia jina hilo," alisema.

Nikarudia.

"Avelino hajawahi kuumwa na mbu hao. Mwaka huo alikuwa bado kwetu Galicia, Hispania, anachunga ng'ombe wa mama yake. Aliyeumwa ni kaka yangu."

Kisha akaweka pasi juu ya mawe ya jiko, akakaa, na kunisimulia. Nilikuwa nimeishi naye miezi kumi na minane bila kujua kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Secundino alikuwa na miaka kumi na tisa, na jeshi la mfalme lilikuwa limeshalitoa jina lake kwenye kura. Avelino, binamu yao, alikuwa mtoto pekee wa mjane, na watoto wa wajane hawachukuliwi jeshini. Basi Secundino akaazima vyeti vya Avelino, kama vijana wengi wa kule walivyofanya, akamshika mkono mdogo wake wa miaka kumi na mitatu, wakapanda meli. Alishuka Havana akiitwa Avelino Couto. Remedios akawekwa kuwa mtumishi wa ndani, na kaka yake akachimba mitaro. Waliposikia kambini wanatafutwa watu, na malipo ni dhahabu, Secundino alipiga hesabu nyingine kabisa. Serikali ya mfalme ilikubali mtu ajikomboe jeshini kwa fedha. Angelipa, angerudi nyumbani, na mama yake angemwita kwa jina lake mbele ya watu.

"Aliuza mwili wake akiwa na jina la mtu," Remedios alisema, "ili anunue la kwake."

Aliumwa, akaugua, akapona. Dhahabu aliituma nyumbani. Wakati karatasi zikisubiri muhuri huko ng'ambo, alikwenda mashariki kukata miwa ajipatie nauli, na huko mkokoteni ulimwangukia. Wenzake wakamzika kando ya shamba, chini ya msalaba wa mti. Msimu uliofuata moto wa kuchoma miwa ukaula msalaba.

Kilichobaki kilikuwa barua moja. Remedios aliitoa kati ya foronya mbili zilizotiwa wanga, imenyooka kama imeandikwa jana, kwa sababu kila mwaka, Siku ya Marehemu, aliipitishia pasi iliyopoa. Alikuwa akiifuata mistari kwa kidole na kuisema yote kwa moyo, ingawa kidole na maneno havikukutana. *Remedios, mdogo wangu, mbu anawekwa ndani ya kichupa cha kioo, kichupa kinafunikwa juu ya mkono wako, nawe unamtazama akishiba. Haumi kuliko wale wa kwetu mtoni. Mashati yangu yanarudi salama, ile alama yako inawachekesha wenzangu.* Mwisho aliandika: *Kaka yako*. Juu ya bahasha, mtumaji: Avelino Couto. Kambini hakuwa na jina jingine.

Alama ilikuwa ya uzi mwekundu, mishono midogo mfano wa mguu wa kuku. Ilikuwa ya kwanza kuibuni maishani mwake. Alikuwa ameogopa nguo za kaka yake zisichanganywe na za wengine huko, maana ilisemekana kuna kibanda ambamo wengine hulazwa kwenye mashuka ya waliokufa.

Nilisimama nikagonga meza. Nikaapa kwamba jiwe hilo halitasimama na uongo juu yake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilidhani ukweli ukishasemwa kwa sauti kubwa unajitetea wenyewe.

Tulikwenda dukani kwa Avelino siku hiyohiyo. Wazee wanne walikuwa wakicheza domino mlangoni. Ukutani, kati ya nyama za kukausha na kalenda, palitundikwa cheti cha heshima chenye fremu, na picha ya Avelino akiwa na Daktari Vance, Mmarekani aliyekuwa ametumia miaka kumi akiwaandikia barua watu wa Havana ili kuandika historia ya majaribio yale.

"Reme!" Avelino aliita. "Leo jua limechomoza wapi hata umekuja mwenyewe?"

"Limechomoza kulekule linakowachomea waongo."

Wazee wa domino wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Ewe shujaa, leo umepata mbu wa kweli!"

"Mbu gani alikuuma wewe, Avelino?" Remedios hakupandisha sauti. "Sema mbele ya hawa. Ulikuwa unachunga ng'ombe."

Vicheko vikakatika. Avelino akafuta mikono kwenye aproni, akatuongoza nyuma kwenye magunia ya mbaazi na samaki wa chumvi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempa Remedios makaa kwa mkopo miaka ya njaa, na kila Jumapili walikula pamoja mchuzi wa kwao wa majani na viazi. Hapo ndipo Remedios alipomsimulia, mwaka baada ya mwaka, juu ya kichupa na kibanda na mashuka.

"Tangazo lilitoka gazetini," alisema akiangalia chini. "Anatafutwa Avelino Couto. Hawa wajinga wakanibeba juu juu. Nikasema leo tu, tucheke, nitakanusha kesho. Akaja daktari mwenyewe na kofia mkononi, Reme. Mtu kama yule akanivulia kofia mimi, muuza maharage."

"Basi kanusha leo."

"Mjukuu wangu anaitwa jina langu. Shuleni wanamwimbia. Nimwambieje?"

"Mwambie jina la kaka yangu."

"Secundino ni marehemu. Marehemu haoni haya. Mimi nitaona."

Alikuwa na machozi. Nadhani, na nimelifikiria hili mara nyingi, kwamba Remedios angemwacha alie kidogo, angemshika bega, na pengine kabla ya Jumapili nyingine angetia saini karatasi ya kukanusha. Lakini mimi nilikuwapo.

"Mwizi!" nilimpigia kelele. "Mwizi wa marehemu! Nitakuburuza mahakamani!"

Wote mlangoni walisikia. Uso wa Avelino ukajifunga.

"Reme, mtoe dukani kwangu huyu mwanasheria wa maziwa ya mama. Na hakuna nitakachotia saini."

Njiani Remedios aliniambia neno moja tu: "Umeunguza."

Ikabaki barua. Nilimwandikia Daktari Vance kurasa sita za Kiingereza. Akajibu upesi, kwa adabu: angependa kuiona barua yenyewe, karatasi na wino, kabla ya kubadilisha chochote. Remedios alikataa.

"Msomee kwa posta. Hii haitoki."

"Mama, bila barua hatuna ushahidi. Wataichunguza, watalichonga jina, watairudisha."

"Umeona wapi kitu kilichokwenda huko kikarudi?"

Nilimsumbua wiki tatu. Nilimwambia kwamba kuificha barua kati ya foronya ni kumzika Secundino mara ya pili. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Mpiga picha alikuwa mtaa wa pili, na kuipiga barua picha kungechukua nusu saa. Sikufikiri hata mara moja.

Siku aliyokubali, alichukua sindano na uzi mwekundu. Kwenye kona ya chini ya karatasi alishona mguu wa kuku, taratibu, matundu manne, akiwa amebana pumzi ili karatasi isichanike.

"Nguo za mtaa mzima zinapita mikononi mwangu hazipotei," alisema, "kwa sababu zina alama. Sasa na iende."

Jibu lilikuja Januari, nami nililisoma jikoni kwanza kimya. Daktari Vance alishukuru sana kwa zawadi hiyo ya thamani. Alikuwa amemhoji Bwana Couto mara mbili, na maelezo yake juu ya kichupa na kibanda yalikuwa sahihi mno kuwa ya kubuni. Na sasa barua hii, iliyotoka kwa Couto kambini, imethibitisha maelezo hayo neno kwa neno. Alielewa kwamba wazee, baada ya nusu karne, huchanganya ndugu waliofariki na walio hai. Barua ya Bwana Couto kwa dada yake ingehifadhiwa daima.

"Anasemaje?" Remedios aliuliza.

Nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho akichovya vidole kwenye maji na kurashia shati.

"Kwa hiyo tumempelekea Avelino shahidi," alisema.

Jiwe lilizinduliwa mwaka uliofuata. Siku mbili kabla, suti nyeupe ya kitani ya Avelino ililetwa kupigwa pasi kama kawaida, na mke wake aliyeileta hakuthubutu kuingia, aliiweka mlangoni. Nilitaka kuitupa kwenye kijito. Remedios aliichukua, akaitia wanga, akaipiga mikunjo ya suruali iliyonyooka kama kisu, na alipogeuza ukosi kuangalia mistari miwili myeusi, aliufunga upya mshono uliokuwa umelegea.

"Unampigia pasi huyu?" nilimuuliza kwa hasira.

"Naipigia pasi suti. Suti haikusema uongo."

Yeye hakwenda. Mimi nilikwenda. Walipofika kwenye jina la Couto, na yule mzee akainuka katika weupe ule, nilipaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Secundino Outeiral!" Bendi ilikuwa ikipiga. Watu wakadhani ni mambo ya siasa za chuo, na polisi wawili wakaniburuza hadi barabarani. Avelino peke yake alilisikia jina. Nilimwona akishika kiti.

Alikufa mwaka huo huo, na magazeti yalimwandika vizuri.

Nilikuwa nimeandika mara nne kuomba barua irudishwe. Daktari Vance naye akafariki, na nyaraka zake zote zikapelekwa kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja huko kwao. Novemba 1954 maktaba iliwatumia wote waliowahi kuandikiana naye kitabu cha orodha ya nyaraka hizo. Kilifika Remedios akiwa kazini, siku mbili baada ya Siku ya Marehemu. Mwaka huo, kama mitatu iliyotangulia, alikuwa amepoza pasi asubuhi na hakuwa na kitu cha kuipitishia.

"Nisomee," alisema. "Usiruke."

Nikasoma. Jalada la kumi na nne: Couto, Avelino. Barua kwa dada yake, Desemba 1900, ukurasa mmoja, hali nzuri. Kona ya chini ina matundu manne ya sindano. Uzi uliokuwamo umeondolewa ili kulinda karatasi.

"Wameutoa?"

"Wameutoa."

"Wameuweka wapi?"

"Haikuandikwa, Mama. Nadhani wameutupa."

Alinyoosha mikono yake mezani, mikono yenye makovu ya makaa hadi kwenye viwiko, akaitazama.

"Basi amepotea," alisema.

Mimi niliyekuwa na hotuba kwa kila jambo nilitafuta la kusema. Nikasema matundu bado yapo, yote manne, yameandikwa mpaka kwenye kitabu.

"Matundu, Evelio, hayamwambii mtu nguo ni ya nani."

Akainuka, akaichukua pasi jikoni, akailamba ncha ya kidole na kuigusa chini yake. Ilikuwa imepoa. Akairudisha juu ya makaa, akasimama pale akiingoja ipate moto, mgongo wake ukinielekea mimi.