Nilirudi na kozi ya ICU, mgonjwa wangu wa kwanza akazirai mikononi mwangu

Wakuu, salaam aleikum na habari zenu nyote. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kisauni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kufanya kazi wodini kwa muda na diploma yangu, nilipelekwa Nairobi kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi.

Nilidhani nakwenda kusomea mashine. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa namna ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake. Kumnyoosha viungo, kumfundisha kumeza, kumkalisha, kumsimamisha.

Niliporudi Mombasa nilikabidhiwa Bi Mwanaisha, mwalimu wa madrasa kutoka Likoni. Alichomwa na msumari akapata pepopunda, akakaa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia.

Alitoka hai, alhamdulillahi. Lakini miguu ilikuwa imekonda, na kijiko kilimshinda kuinua.

Nikamwambia mumewe, Mzee Salim, kuwa nataka mkewe aanze mazoezi.

"Mwanangu, ameteseka vya kutosha. Mwache apumzike."

Sikumsikiliza. Siku ya tatu nilimsimamisha Bi Mwanaisha, akazirai mikononi mwangu.

Hakuumia, lakini mzee alinitazama mtazamo ambao sijausahau. Matroni naye akaniambia hayo ya Nairobi niyaache huko huko.

Nilifika nyumbani nikalia. Kisha nikafungua madaftari ya kozi, nikaliona kosa langu. Nilimtoa kulala nikampeleka moja kwa moja kusimama, wala presha sikumpima.

(Nyinyi mnaosomea uuguzi sasa, msitupe madaftari yenu.)

Kesho yake nikamwamkia mzee, nikamwomba radhi na kumweleza nilipokosea. Akamgeukia mkewe.

"Wewe wataka nini?"

Sauti ya Bi Mwanaisha ilikuwa bado dhaifu kwa ajili ya ule mpira wa kupumulia aliokuwa ametiwa kooni. Akasema polepole, "Nataka kwenda msalani peke yangu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla ya hapo. Hata mimi.

Tukaanza upya. Kukaa kidogo na mto mgongoni. Kuning'iniza miguu. Hatua mbili hadi kitini. Mzee mwenyewe akawa anamnyoosha vidole kila akija.

Siku alipofika msalani, wodi nzima tulinyamaza tukamsikia akifunga mlango.

Mzee Salim alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa kofia yake.

Matroni aliniita ofisini wiki iliyofuata, akaniambia niwafundishe wauguzi wenzangu.

Nilichojifunza ni kwamba kumwokoa mtu asife ni mwanzo tu wa kazi. Baada ya hapo muulize anataka kurejea kwenye nini, kisha mwende kwa mwendo wake, si wako.

Mliowahi kuuguza mtu aliyetoka ICU, yeye alitaka kitu gani kwanza? Niandikieni hapa, nitawasoma wote.