Kizibao cha Rufina na Sketi za Shashi

Glafira Subbotina alirudi kazini siku iliyofuata mazishi ya binti yake. Ilikuwa Februari, na baridi ya mji wetu wa Perm, Urusi, ilikuwa imekaza hata malori yakawa yanapita juu ya barafu ya mto Kama. Sisi wa karakana ya mavazi ya baleti hatukumtarajia. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia vitambaa rangi; yeye alikuwa fundi wa zile sketi fupi za wavu zinazosimama wima kiunoni mwa mchezaji. Alivua viatu vya sufu, akatundika koti, akakaa mahali pake dirishani na kuuliza uzi mweupe uko wapi.

Rufina alikuwa mwanawe wa pekee. Baba yake hakurudi kutoka vitani. Msichana alicheza safu ya nyuma, miongoni mwa wale wasiotajwa kwenye mabango. Alitoka mazoezini na jasho lake, akasimama kungoja tramu kwenye upepo, na homa ya mapafu ikamchukua kabla hatujaelewa kwamba anaumwa kweli.

Kwetu vazi halizikwi na mwenyewe. Ndani ya kizibao cha kubana kifua huandikwa jina la mchezaji kwa wino. Akiondoka, jina hupigwa mstari na la mwingine huandikwa chini yake. Nafasi ya Rufina alipewa Taisia, msichana mwenye mbavu pana, na onyesho lilikuwa Jumamosi. Venera Akhmetovna, mkuu wetu, alikuwa amekificha kizibao kabatini.

"Kiko wapi cha Rufa?" Glafira aliuliza.

"Glasha, mpenzi, hicho nitampa fundi mwenzako Klavdia akitanue."

"Klavdia atakivuruga. Mniitie huyo msichana."

Taisia alikuja akilia. Glafira alikuwa na pini mdomoni. "Usilie. Kifua kinapanda na kushuka, sipati kipimo."

"Nisamehe, shangazi."

"Umenikosea nini? Inua mkono."

Alifumua ubavu, akaongeza kipande cha kitambaa, akapiga bandi, akashona. Kisha akachukua kalamu, akapiga jina la binti yake mstari, akaandika la Taisia. Nilikuwa nautazama mkono wake. Uliandika kama siku zote.

Tulipokunywa chai jioni ile aliniambia, "Nilingoja kitu kije. Hakikuja. Unajua mguu ukifa ganzi? Unaupiga, unajua ni wako, lakini huusikii."

Watu wakaanza kusema. Wifi yake Pelageya alimfuata hadi kazini, akasimama mlangoni na kitambaa chake cheusi kichwani. "Hata ng'ombe akipoteza ndama hulia. Wewe umeumbwa kwa nini?"

"Sijui, wifi," Glafira akajibu. "Ingia ndani, unapitisha baridi. Chai utakunywa?"

Pelageya hakuinywa.

Miezi ikapita hivyo. Alikula akiwekewa chakula, alilala saa ilipofika. Taisia alipanda jukwaani na kile kizibao, na Glafira akatazama kutoka pembeni, akaniambia tu kwamba kulabu ya pili imelegea.

Kiangazi kilipoingia, wasichana wa kiwanda cha simu walibisha nyumbani kwake. Mwaka uliotangulia vijana wa dunia nzima walikuwa wamekusanyika Moscow kwa tamasha, na tangu hapo kila msichana alitaka sketi pana. Aliyewaongoza aliitwa Nelli, mdomo wake haukujua kufungwa.

"Shangazi Glasha, tunataka zinazosimama kama za wachezaji. Zetu zinaning'inia kama matambara ya jikoni."

"Wavu ni wa serikali. Siugusi."

"Nani kasema wavu? Tuna shashi ya kufungia vidonda, tele."

Akakubali. Aliniambia ni kwa sababu mikono ilikuwa inamsumbua ikikaa bure. Akawafundisha kuloweka shashi kwenye maji mazito ya sukari na wanga, kuianika ikiwa imenyooshwa, kisha kuishona ndani ya sketi zao tabaka kwa tabaka, fupi chini na ndefu juu, zikishikana kwa nyuzi zilizolegea ili zipumue. Huku akiwapima aliwasimulia, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka aliyokuwa nayo tangu Februari.

"Zamani za kale walicheza na visigino na magauni mazito, mtu hawezi hata kuruka. Mmoja akavua visigino, akapunguza gauni, watu wakapiga kelele. Baadaye sketi zikawa nyepesi, zinafika kwenye mashavu ya miguu, na mabibi wa mjini wakashona kama hizo. Bibi yangu alizishona. Zikakatwa tena hadi hapa mapajani, ili miguu ionekane inafanya nini. Kelele tena. Hivyo viatu vyako bapa, Nelli, unadhani vimetoka wapi?"

"Dukani, shangazi."

"Vimetoka miguuni mwa wachezaji. Geuka."

Walikwenda dansini kwenye bustani ya kando ya mto. Mzee wa mlangoni aliwaambia jukwaa la baleti liko mtaa mwingine, wakampita wakicheka. Kabla muziki haujakolea, mvua ikashuka.

Nilikuwa kwa Glafira waliporudi. Sukari ilikuwa imeyeyuka. Shashi imewaganda mapajani, soksi zinanata, na nyigu, mvua ilipokatika, wamewafuata kutoka bustanini. Nelli alitembea kwa miguu iliyotanuka kama bata.

"Shangazi, umetupika jemu! Kijana mmoja kanishika kiuno, mkono hautoki!"

Sauti ikamtoka Glafira. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka, kidogo tu, halafu akashika meza kama mtu aliyeinuka ghafla akaona kizunguzungu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nina njaa," akasema.

Nikachemsha sufuria ya pelmeni. Alikula sahani nzima ya vile vifurushi vya nyama, akaongeza nyingine, huku wasichana wakichambua shashi miguuni mwao juu ya beseni. Hakulia. Katika miaka yote niliyokaa naye sikumwona analia, na sijui kama alilia peke yake. Mara mojamoja, kazini, alianza kusema "Rufa angesema..." na kumalizia sentensi.

Pelageya alirudi majira ya kupukutika majani, akaleta gauni lake kuukuu lipunguzwe. Glafira akalipunguza.

Baadaye sketi pana zikapitwa na wakati. Nelli, ambaye sasa alikuwa ameolewa, akaja na wenzake kutaka zilezile zifumuliwe na kushonwa nyembamba, za kubana magoti. Glafira akavaa miwani, akachukua mkasi, akamwambia apande kwenye kiti apimwe.