Mistari Kumi na Saba Niliyoifuta

Je, yule aliyebaki kwenye kitabu alikuwa baba yangu mdogo, au mtu mwingine? Swali hilo lilininyima usingizi kwa siku nane. Niliamka nalo, nikalipeleka kazini, mtaani Mususa, nikala nalo fufu mchana, na kila nilipodhani nimelijibu, lilinigeukia upya.

Tangu nimalize chuo kikuu hapa Butembo, ninafanya kazi katika duka la fotokopi. Watu hutuletea mitihani, barua za maombi, kadi za harusi, na siku hizi hata vitabu vya kusomwa kwenye simu. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeishi Beni lakini mzaliwa wa kijiji cha Kipese kama ukoo wetu, alitaka daftari lake liwe kitabu cha namna hiyo. Mjukuu wake, muuguzi, alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa akatutumia. Mimi nikazipitisha picha kwenye programu inayogeuza mwandiko wa mkono kuwa maandishi ya kompyuta.

Programu hiyo hukosea, lakini hukosea kwa utaratibu. Herufi iliyoishinda mahali pamoja itaishinda mahali pote. Namba za kurasa ziliingia katikati ya sentensi. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yalibaki yamekatwa. Kurasa kadhaa mjukuu alizipiga mara mbili, kwa hiyo aya nzima zilijirudia. Kusema kweli niliipenda kazi hiyo. Mtu mwenye wasiwasi hupumua anapokutana na kosa linalojirudia, maana akilijua moja ameyajua yote: anaiamuru kompyuta ilirekebishe kila lilipo, yamekwisha.

Sehemu ya mwisho ya daftari ilikuwa orodha. Mwalimu alikuwa ameandika wafu wake: ndugu, majirani, waliokuwa wanafunzi wake. Kila mtu mstari mmoja wenye jina la nyumbani, kijiji, na neno moja la mahali kifo kilipomkuta. Kitandani. Hospitali. Njiani. Kadiri kurasa zilivyoikaribia miaka yetu hii, neno likawa shambani, shambani, shambani. Wa huku hahitaji kuelezwa. Wa mbali ajue tu kwamba pembeni mwa Beni watu huenda kwenye kakao yao asubuhi na wengine, wakikutwa huko na wenye silaha, hawarudi.

Orodha hiyo ingesomwa kwa sauti siku ya kuwakumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba. Familia haikuweza tena kukusanyika mahali pamoja, kwa hiyo kila mmoja angesoma kwenye simu yake, Beni, Butembo au Kipese.

Nilipoifikia nilikuwa nimechoshwa na aya za mara mbili. Nikaiambia programu ipitie orodha, na penye mistari inayofanana kabisa ibakize mmoja tu. Ikanijibu kwa Kifaransa, kwa adabu, kwamba mistari kumi na saba imefutwa. Patron, mwenye duka, akakituma kitabu jioni hiyo.

Kesho yake, nikipitia tena kazi iliyokwisha kama ilivyo desturi yangu mbaya, nikaliona jina langu. Kwetu mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa nayo. Mimi ni mvulana wa pili. Darasani tulikuwa watatu wenye jina hilo, na tuliitwa wa dirishani, wa katikati na wa mlangoni. Baba yangu mdogo naye alikuwa wa pili, akafia kwenye kakao nikiwa sekondari. Jina letu, Kipese, shambani. Nilifurahi kumkuta, kama hiyo ni furaha. Kisha nikafungua picha ya ukurasa ule. Kwenye daftari mstari huo uliandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwingine, bila jina la ubatizo, bila mwaka.

Lingeweza kuwa kosa. Mwalimu alieleza mwanzoni kwamba daftari la kwanza lililowa na mvua siku walipokimbia, akalinakili upya, na jicho la anayenakili huruka na kurudi. Au walikuwa watu wawili. Na kama walikuwa wawili, nilimfuta nani?

Nikaanza kuwaona hao niliowafuta. Wanawake wakipita na mizigo ya viazi, nilihesabu mpaka kumi na saba nikaacha. Asubuhi dukani, kabla jenereta haijawashwa, nilihisi watu wamesimama nyuma ya kiti changu, wapole, kama wateja wanaongoja zamu yao. Sikugeuka.

Nilimweleza patron akiwa anakata kadi. Hakuinua kichwa.

“Weye unafikiri mingi mupaka ordinateur inachoka,” akasema, mkasi ukiielekea kompyuta yangu. “Mama alishukuru. Mutu akishukuru, unafunga dosie, kazi imeisha.”

Ni kweli alishukuru. Alituma ujumbe wa sauti akisema kitabu kimetoka safi. Neno hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa bado kwenye sura za utoto wake, hajaifikia orodha. Ningeweza kuirudisha mistari yote kimyakimya. Lakini kama mingine ilikuwa makosa ya mkono wake, ningekuwa nimezika watu wasiokufa, nasi majina yetu tunayagawana na walio hai. Ningeweza kumpigia simu. Niliandika ujumbe mara sita, nikaufuta mara sita. Nilijiambia kwamba jambo kama hilo haliulizwi kwa simu. Ukweli ni kwamba niliogopa sauti yake, na niliogopa barabara.

Siku ya tisa niliinakili mistari kumi na saba kwenye karatasi, nikachukua kompyuta yangu, nikapanda taksi ya Beni. Njia ilivyoshuka hewa ikapata joto, nikavua sweta. Kwenye vizuizi askari walichukua kadi yangu ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, wakasoma jina kwa sauti, na kila mara nilijiuliza ni yupi kati yetu anayeitwa.

Mwalimu alinipokea uani, kakao ikiwa imeanikwa kwenye turubai. Mjukuu alileta chai. Nilisema yote kwa pumzi moja nikingoja hasira. Yeye aliomba karatasi, akavaa miwani.

Alikwenda mstari kwa mstari. Katika jozi ya kwanza, wa juu ni mtoto wa dada yake, wa chini ni jirani aliyetengeneza redio. Huyu alikuwa mchoma matofali, yule alilala darasani macho wazi, na hapo akacheka peke yake. Mistari kumi na mmoja iligawanyika hivyo kuwa watu. Kwa mitatu alikiri kwamba mkono wake ulirudia. Mitatu ya mwisho aliisoma tena na tena bila kuamua, na mmojawapo ulikuwa ule wenye jina langu.

“Mwalimu, hii ya Kipese,” nikasema, “njo yeye baba yangu mudogo.”

“Ninamujua. Alikuwa na kovu hapa.” Akagusa kidevu, na ni kweli alikuwa nalo. “Ule mwingine, sura yake imenitoka.”

“Ao ulirudilia tu?”

“Inawezekana.” Akavua miwani. “Nimeshazeeka, mutoto yangu. Sijue tena.”

Aliendelea kuishika karatasi. Niliona kidole chake kikirudi kwenye mitatu ile, nikaelewa nilichofanya: wale waliokuwa nyuma ya kiti changu nilikuwa nimewahamishia kwake. Sasa alijiuliza kama ni yeye aliyewapoteza. Nilikuwa nimeshuka kutafuta jibu, naye alikuwa akinitazama akilingoja kwangu.

Mjukuu akauliza ile mitatu tuifanyeje.

“Itabaki mara mbili,” nikasema. Sikuongeza neno “labda”.

Nikafungua kompyuta juu ya magoti. Sikubandika kitu. Niliandika mstari mmoja mmoja, Mwalimu akisoma nami akisikiliza. Kwenye ile kumi na mmoja tuliongeza neno la kila mtu, redio, matofali, dada, ili mtu mwingine asiwafute kama mimi. Kisha nikaandika ujumbe wa kwenda kwenye simu zote: kitabu cha kwanza kifuteni, mimi niliyekisahihisha niliondoa watu, chukueni hiki.

Ulibaki mstari mmoja. Chini ya jina langu, Kipese, shambani, nikaandika jina langu, Kipese, shambani, nikatuma.