Honi ya Mzee Gidabuday Yamtoa Jasho Fundi wa Mbulu

Saa tatu asubuhi mjini Mbulu, ukungu haujaondoka vizuri, na Marieta Qamara amekaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki iliyomzidi umri. Amefungua swichi za usukani upande wa kushoto, anachomoa nyaya zilizooza.

"Hizi siyo waya tena, ni mabua," anacheka.

Marieta (37) ni fundi umeme wa pikipiki, kazi aliyoingia baada ya kuchoka kuuza mitumba. Wateja wake wengi ni bodaboda. Leo ana mgeni: mzee Gidabuday, mfugaji wa Dirma, Hanang, aliyepakia pikipiki yake kwenye lori kwa ajili ya kitu kimoja tu, honi.

"Nikija na magadi ya kuwalambisha ng'ombe napiga honi, wote wanakuja," anasema mzee. "Sasa imekuwa bubu, wanazurura. Juzi wameingia kwenye mahindi ya jirani yangu Lukasi. Amenisamehe. Wakirudia, hatutasalimiana tena."

Mwandishi anapouliza kwa nini asinunue honi mpya, mzee anamtazama kwa huruma.

"Wataijulia wapi hiyo?"

Marieta anapitisha nyaya mpya, analehemu, anarudisha kitufe. Anabonyeza. Peeee! Mtaa mzima unageuka, bodaboda wanapiga makofi.

Mzee hapigi. "Hiyo siyo yenyewe, fundi. Yangu inakoroma."

"Shikamoo mzee, lakini hiyo ndiyo honi yako ileile!"

"Marahaba. Tuwaulize wenyewe."

Anampigia simu mkewe, Juliana, aliye machungani. Juliana anaweka spika na kuinua simu juu. Marieta anabonyeza.

"Wanakula tu," Juliana anajibu. "Hakuna hata aliyeinua kichwa."

Jamani! Kazi safi, ng'ombe wameikataa. Kumbe nyaya mbovu zilikuwa zinapitisha umeme kidogo, ndiyo maana honi, kabla ya kuwa bubu, ilikuwa na sauti ya mafua. Marieta anachukua bisibisi na kuzungusha skrubu ya kurekebisha sauti nyuma ya honi, huku mzee amefumba macho.

"Bado... bado... hapo!"

Honi inakoroma. Kwenye simu zinasikika kengele, kwanza mbali, halafu karibu, halafu kelele za Juliana: "Baba Doris, wananijia! Wananijia wote, na mimi magadi sina!"

Marieta anacheka mpaka machozi. Mzee anamshika mkono kwa mikono yake miwili, hauachii haraka.

Lakini haondoki. Anasema leo wamewadanganya ng'ombe, na akirudi mikono mitupu hawatamwamini tena. Basi Marieta anakimbia sokoni mwenyewe kununua magadi.

Mpango wake sasa ni kushuka Hanang kila mwezi na sanduku la vifaa, wafugaji wasihangaike na malori.

"Naanzia Dirma," anasema, akifunga mfuko wa magadi nyuma ya pikipiki ya mzee. "Na siku hiyo honi napiga mimi. Nataka niwaone wakija."