Mwenyekiti na Jezi Namba Kumi

Kocha amemzoea mwenyekiti wake: timu ikishinda, husema "nimeshinda", ikifungwa, husema "wamefungwa". Enzi klabu ilipopanda hadi ligi kuu, alikuwa akikatiza katikati ya uwanja na viatu vyake vya kung'aa, mpira ukisimama kumpisha. Hakuna picha ya kombe isiyo na kiganja chake, na mara nyingi kimefunika uso wa mfungaji. Sasa klabu imeporomoka hadi ligi ya mtaa na jukwaani wamebaki mbuzi, lakini yeye bado hukohoa kikohozi cha hotuba kabla ya kuomba hata maji.

Leo wamefika wachezaji sita. Bila wa saba mechi haianzi, na klabu inafutwa kwenye ligi. Kocha akambembeleza mwenyekiti.

"Mzee, vaa jezi. Simama tu golini, hata kama gogo."

Mwenyekiti akakohoa. "Golini, mimi? Nipe namba kumi, na kitambaa cha unahodha."

"Hiyo ni ya nahodha, mzee wangu. Ndiye pekee anayejua kufunga."

"Kwani klabu hii ni ya nani?"

Nahodha akaivua jezi, akamvisha kwa mikono yake, akamfunga na kitambaa. "Hongera, baba. Haya, kafunge," akasema, akashika njia ya kwao kifua wazi.

Mwenyekiti akavuta tumbo ndani, akaenda katikati, akakanyaga mpira. "Refa, puliza kipenga. Timu imetimia."

Nyuma yake kocha alikuwa akihesabu upya: watano, na mwenyekiti.