Mama Mkwe Alikuwa Barabarani

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Si baisikeli, si utelezi, si shetani. Ni mimi, baba mzima mwenye akili zangu timamu.

Jina langu silitaji. Wa karibu watanijua, na wakinijua, basi. Nimejificha vya kutosha.

Kazi yangu ilikuwa Kitale, kwenye shamba la Mzungu, kuendesha gari la ng'ombe la kupeleka mahindi stesheni. Mke wangu na watoto walikaa nyumbani, upande wa Sirisia. Kila mwisho wa mwezi nilipanda baisikeli kuja kuwaona, na nikishafika, jamani, sikwenda kukaa na wenzangu kwenye mtungi wa pombe. Nilikaa na watoto.

Walikuwa wawili. Wekesa, mvulana wa kama miaka kumi, alipanda nyuma kwenye keria. Nasimiyu, dada yake mdogo, alikaa mbele yangu kwenye chuma, akipiga kengele hata pasipokuwa na mtu wa kupisha. Tulikwenda mpaka Bungoma kutazama gari la moshi, tukarudi tumechoka hoi na nyuso zimejaa vumbi. Mvua za kwanza zikinyesha tulifunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, tukapiga vijiti juu yake ili kumbikumbi wadhani ni mvua watoke. Nasimiyu aliwala wabichi, na mabawa yao! Nilimkataza huku nikicheka, na yeye akajua kicheko ni ruhusa.

Wanaume walinitania. "Bwana, wewe ni baba au yaya?"

"Yaya analipwa," niliwajibu. "Mimi nafanya bure."

Siwezi kusema nilikuwa baba mbaya. Ningekuwa baba mbaya ningeelewa kwa nini yalinipata.

Sasa, msomaji, kama wewe si wa kwetu, sikiliza desturi hii. Kwetu mwanaume hakutani na mama mkwe. Akimwona njiani anaingia vichakani mpaka mama apite. Haingii nyumbani mwake, hampi mkono, hamtazami usoni. Mkiwa na neno, anatumwa mtoto kulipeleka, hata kama mmesimama mahali mnaposikiana. Mama naye anafanya hivyohivyo kwa upande wake. Nimebatizwa, Jumapili naimba kanisani, lakini hiyo niliishika sana. Wazee walinisifu kwamba yule ni mkwe mwenye adabu. Heshima si utumwa, nilipenda kusema.

Na njia ya kuimaliza ipo! Unapeleka mbuzi na blanketi, wazee wanawakalisha pamoja, mnakula, aibu imeondoka. Kuanzia siku hiyo mnaongea kama watu. Mke wangu aliniomba mara nyingi.

"Baba Wekesa, si upeleke tu hiyo mbuzi? Mama anazeeka. Anataka kukuona uso."

"Baada ya mavuno," nilimwambia. Mavuno yakaja, nikasema baada ya kupanda.

Watu walidhani ni ubahili. Haikuwa ubahili. Sijamwambia mtu sababu mpaka leo: nilichelewa kwa ajili ya mchezo.

Boma la mama mkwe liko chini ya mteremko, kando ya barabara ya kwenda Malakisi. Tulipofika juu ya mteremko nilisimama. Wekesa alichungulia. Akisema kweupe, nilivuta kofia mpaka puani, nikaachilia breki, tukateremka kwa kasi watoto wakipiga kelele, "Kukhu! Kukhu!" Ndivyo wanavyomwita bibi yao. Tulipita langoni kama wezi. Nilisimama mbele kwenye kona, wao wakarudi kwa miguu kumwamkia, kisha wakaniletea ndizi za kuchoma na maneno ya bibi.

"Kukhu anasema baba yetu ni mwizi wa kuku," Nasimiyu aliniambia siku moja. "Ati kama si mwizi, mbona anapita mbio?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mchezo huo ndio walioupenda kuliko gari la moshi. Nikipeleka mbuzi, mchezo umekwisha. Nilifikiri hivyo, kweli kabisa, mwanaume mwenye ndevu.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulikuwa tunakwenda sokoni Malakisi. Wekesa alichungulia, akasema kweupe. Nikavuta kofia, nikaachilia.

Tulipofika katikati ya mteremko mama mkwe akatokea ng'ambo, anavuka kwenda langoni kwake na mzigo wa majani ya tumbaku kichwani. Alikuwa barabarani kabisa, mbele yangu. Mtu mwingine yeyote angeshika breki. Mimi mkono ulifanya ulichozoea. Niligeuza usukani kuelekea vichakani.

Tuligonga kisiki. Wekesa akarukia kwenye nyasi. Usukani ulijikunja na ncha yake ikamgonga Nasimiyu tumboni, halafu nami nikamwangukia.

Hakukuwa na damu. Alilia kidogo, akanyamaza. Nilimuuliza, "Mama, umeumia wapi?" Alikuwa na jina la msimu aliozaliwa, lakini mimi nilimwita mama.

"Tumbo inauma," alisema. "Kidogo tu."

Mama mkwe alikuwa ametupa mzigo wake. Alisimama barabarani ametugeuzia mgongo, shuka kichwani, kama desturi inavyotaka. Akapaza sauti.

"Wekesa! Mwambie baba yako alete mtoto ndani. Rori ya tumbaku iko hapa kwangu, wanapakia. Inaenda Bungoma saa hii. Itampeleka hosipitali."

Niliyasikia yote. Alikuwa mbali nami kama upana wa nyumba. Wekesa akanigeukia akayarudia vilevile, neno kwa neno.

"Mwambie kukhu tumeshukuru," nikasema. "Mtoto hana kitu."

Wekesa akampelekea.

"Mwambie baba yako mtoto wa kuanguka haangaliwi kwa macho. Alete ndani."

"Mwambie nitampumzisha nyumbani."

Ndipo mama mkwe akageuka. Alishusha shuka, akanitazama, akapiga hatua moja kuja kwetu mikono imenyooshwa. Na mimi, nikiwa nimembeba Nasimiyu, nikapiga hatua moja nyuma.

Akasimama. Nikasimama. Mtoto alikuwa mikononi mwangu ananitazama, na kaka yake katikati yetu hajui aende kwa nani. Nilitazama chini. Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amegeuka tena.

Ningeweza kusema nilichanganyikiwa. La. Akili ilikuwa imetulia. Niliwaza watu wanaopakia lori watasema nini wakiniona naingia langoni kwa mama mkwe bila mbuzi wala blanketi.

Sikurudi hata kwa barabara, maana ingebidi kumpita. Nilizunguka kwa njia ya mashambani, nimembeba mgongoni, Wekesa anasukuma baisikeli iliyopinda. Tulipokuwa juu kwenye mahindi tulisikia injini.

"Baba," Wekesa alisema, "ile rori inaenda."

"Naisikia," nikamjibu.

Mbele kidogo Nasimiyu akaniambia ana baridi. Jua lilikuwa kali. Nilimvalisha koti langu tukaendelea. Aliuliza kama tutarudi kuchukua ndizi kwa kukhu. Nikasema kesho.

Tulipofika nyumbani tumbo lilikuwa gumu na midomo imepauka. Mke wangu alipiga yowe. Majirani walitafuta gari la ng'ombe, tukamlaza juu ya nyasi. Ng'ombe nawajua, ndiyo kazi yangu, na najua hawakimbii. Nilishika mjeledi mwenyewe. Tulifika hospitali jua limezama, na yule aliyempokea akamgusa tumbo, akamgusa shingo, akaniuliza, "Alianguka saa ngapi?"

"Sasa hivi, jioni," nilisema.

Hata pale nilidanganya! Mtoto ameshafariki, nami bado nalinda jina langu.

Mke wangu nilimwambia njia ilikuwa tupu. Sikutaja mama yake, sikutaja lori. Wekesa alikuwa amekaa hapohapo ananisikiliza.

Sikulia. Watu walisema huyu amejikaza kiume. Sikujikaza. Nilikuwa natafuta kilio ndani na sikipati. Nilichimba kaburi pamoja na vijana, nikala chakula nilichopewa, nikajibu salamu za kila mtu.

Siku ya maziko mama mkwe alikuja. Wanawake walimfungulia njia ya upande wao, hakuipita. Alipita katikati ya wanaume, mbele ya wazee na mchungaji, akaja kusimama mbele yangu. Niliinuka ili niondoke, akanishika mkono. Ndiyo mara ya kwanza ngozi yake kugusa yangu.

"Kaa," alisema. Hakumtuma mtoto. "Leo tunaogopa nini tena?"

Nilikaa.

"Wewe ulirudi nyuma," akasema polepole. "Na mimi nilisimama. Ningekunyang'anya huyo mtoto. Nilisimama."

Mke wangu alikuwa karibu, akasikia. Hivyo ndivyo alivyojua. Hajaniuliza chochote mpaka leo. Ananipikia, ananifulia, ananiita Baba Wekesa.

Kabla ya mwezi kwisha nilipeleka mbuzi na blanketi. Wazee walitukalisha, wakatubariki, tukala. Ilichukua asubuhi moja tu. Mchana aibu ilikuwa imeondoka na mimi nilikuwa naruhusiwa kuingia nyumbani mwake, nikaonyeshwa mahali ambapo Nasimiyu alikuwa anakaa akila ndizi. Ni kigoda kidogo, karibu na moto.

Kitale niliacha. Baisikeli imetundikwa ukutani, usukani bado umepinda. Wekesa ni kijana mkubwa sasa. Akitaka kwenda Bungoma anatembea kwa miguu, na nikimwambia twende wote anasema ana kazi.

Ndugu zangu, wakwe wenzangu, nawaonya. Siwaambii mdharau mila, mimi si mtu wa kuwaambia hivyo. Lakini kama kuna mbuzi wa kuondoa aibu kati yako na mama mkwe, mpeleke wiki hii. Usingoje mavuno. Na kama hujampeleka, na mtoto yuko mikononi mwako, ingia! Ingia mikono mitupu, wazee wakulaumu mpaka wachoke. Lawama inaisha.

Mama mkwe hukaa nasi siku hizi, nguvu zimemwishia. Tunakunywa chai meza moja. Juzi, kwa mazoea ya zamani, alisahau akasema, "Wekesa, mwambie baba yako chai inapoa."

Wekesa alinitazama, akamtazama bibi yake. "Mwambie mwenyewe, kukhu," akasema. "Mimi nilishabeba maneno yenu." Akachukua kikombe chake akaenda kukinywea nje.