Spana za Jikoni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ile mume wangu alipotoka asubuhi na sanduku lake la spana, akarudi mchana mikono mitupu.

Tulikuwa bado maarusi. Mimi nilizaliwa Old Kampala, kwa watu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakanogewa na matoke, zile ndizi za kupika, wasirudi tena kwao. Badru alikuwa Muganda wa Kasubi, fundi baiskeli, aliyejifunzia kazi katika duka la Mhindi mmoja mjini. Wahindi walipofukuzwa nchini, yule mzee alimwachia Badru sanduku lake. Ndani mlikuwa na spana nyembamba za kufungulia magurudumu, ufunguo wa spoki, na kishinikizo kizito cha kutolea pini za pedali. Vyote vilitoka Uingereza, vya zamani kama baiskeli zenyewe. Badru alivipangusa kila jioni kwa upole, kama mtu anayemwogesha mtoto.

Basi siku hiyo askari wa kizuizi cha barabarani walimwambia afungue sanduku. Walilipenda. Zama zile, mwanangu, mwenye bunduki akipenda kitu chako ulimshukuru Mungu kwamba amependa kitu, hakukupenda wewe.

Badru akaketi ndani. Wateja walikuja na baiskeli zao, akawarudisha. "Sina vifaa," ndilo likawa jibu lake, asubuhi na jioni. Mjini hapakuwa na duka la kuuza spana. Hata sukari na sabuni zilipatikana kwa magendo tu. Mimi nikasikia kuna mtu anauza vifaa vya baiskeli kwa siri, tena vya Uingereza. Nikavua bangili zangu za dhahabu, alizonivisha mama yangu siku ya harusi, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikatoka.

Sikufika mbali. Mlangoni nilikutana na mama mkwe. Wote walimwita Nalongo, jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala hasa. *L* na *r* zilibadilishana viti zikipenda.

"Zaina, nakwenda wapi? Na bangiri yako iko wapi?"

Nikamweleza. Hakunikemea. Alinivuta tukakaa kwenye mkeka.

"Uza bangiri, nunua spana. Sawa. Na askari akichukua tena, utauza nini? Sufuria? Halafu utauza mimi?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka. Alipaza sauti ili aliyekuwa chumbani asikie: "Na wewe, Badru! Ule Muhindi alikufundisha kazi, ama alikufundisha sanduku?"

Alasiri ileile nilimkuta mume wangu jikoni kwangu, amechuchumaa, anapinda vijiko vyangu kimoja kimoja kuona kipi kigumu. Vilikuwa vijiko vya harusi. Nikamwambia achague.

Mpini wa kijiko, mwanangu, ukiusugua ncha yake isichane mpira, unatoa tairi kwenye ringi bila shida. Njiti ya ufagio ukiifunga kwenye uma wa baiskeli, gurudumu likizunguka itakuonyesha limepinda wapi. Kwa spana nyembamba Badru alikwenda Katwe, kwa wafua vyuma, akaokota kipande cha bati nene. Akakichonga kwa tupa hadi vidole vikafanya malengelenge, na kilipoingia kazini kikajikunja kama chapati. Wiki nzima ya jasho ikapotea. Nilidhani atarudi chumbani kwake. Alirudi Katwe. Safari hii alikuja na kipande cha springi ya gari bovu, chuma chenye roho, na hicho hakikujikunja. Wahenga walisema ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Lakini nawe uchague mbwa mwenye maziwa.

Kilichomshinda ni kishinikizo cha pini. Alikuwa bado anakifikiria alipotujia mkunga Yunia.

Yunia alitoka upande wa Mengo, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walipita mikononi mwake. Petroli ilikuwa adimu, magari yamelala, kwa hiyo alizalisha akina mama kwa kuwafuata na baiskeli nyeusi ya Kiingereza, kikapu mbele. Siku hiyo alikuja akiisukuma. Ekseli ya pedali ilikuwa inasaga kama mtu anayetafuna mchanga.

"Ssebo Badru," alisema, yaani bwana Badru, "kuna mama hapa chini, tumbo limeshashuka. Mwingine yuko kule Namirembe. Kwa miguu sitawafikia wote."

Kubadilisha gololi zilizolika ndani yake kulitaka mkono wa pedali utoke, na mkono hautoki mpaka pini itoke. Ukiipiga vibaya meno yake ya kushikia nati yanakufa, na Kampala nzima hapakuwa na pini nyingine. Badru alishika nyundo. Akagonga. Baiskeli ikaruka, pini ikatulia. Akagonga tena, ikaruka tena.

"Ikivunjika weka hata msumari," Yunia alisema kwa kukata tamaa.

"Hapana, nnyabo," Badru alimjibu kwa heshima, kama kusema mama. "Msumari nitautumia kufanyia kazi, siwezi kukupandisha juu yake. Ukikatika kwenye mteremko, nani atamzalisha nani?"

Mimi nilikuwa kando natwanga karanga za mchuzi. Nilikuwa nimeitazama ile baiskeli ikirukaruka, na maneno yakanitoka tu: "Bwana, mbona unaipiga ikiwa inaning'inia? Nikiweka kinu juu ya godoro, karanga zitasagika?"

Badru alinitazama. Kisha akakitazama kinu. Kisha akaondoka mbio.

Alirudi na kipande cha bomba la maji. Akakikata kwa kipimo, akakisimamisha juu ya jiwe langu la kusagia, akalaza mkono wa pedali juu yake, kichwa cha pini kikielekea kwenye tundu la bomba. Akailegeza nati hadi ikawa sawa na ncha ya pini, ili nyundo isiguse meno. Yunia alishika tandiko, mimi usukani, na Nalongo, bila kuombwa, akapiga magoti akalishika bomba kwa mikono miwili.

"Mama, nitakuumiza."

"Piga! Nilizaa mapacha, bomba ni kitu gani?"

Akapiga mara moja, kwa nguvu zake zote. Pini ikasogea. Akafungua nati, akaisukuma taratibu kwa msumari butu, nayo ikadondoka ndani ya bomba ikilia, nzima, meno yote yapo. Tulipiga vigelegele hata majirani wakadhani nimezaa.

Gololi alizitoa kwenye baiskeli iliyokwisha kufa, na badala ya grisi akapaka mafuta ya ng'ombe. Kabla jioni haijafika, Yunia aliondoka akipiga kengele. Mama wa hapa chini alijifungua salama, mtoto wa kike, na yule wa Namirembe naye akawahiwa.

Wateja wakarudi. Badru naye akarudi barabarani, na haikuchukua muda akasimamishwa tena kizuizini. Askari akafungua kisanduku, akachungulia. Vijiko, njiti za ufagio, misumari, bomba.

"Wewe fundi ama mupishi?"

"Fundi, afande."

Askari akacheka, akawaita wenzake waje waone. "Pita, mupishi!"

Badru alifika nyumbani amelishika tumbo kwa kicheko, na sisi tukacheka naye, katika miaka ambayo kicheko nacho kilikuwa adimu kama sukari.

Baadaye utawala ule wa bunduki ulianguka na maduka yakajaa. Badru alinunua spana nzuri, akazifurahia. Hakuwahi kudharau kifaa chema. Sasa mzee amelala ndani, anakoroma, na bangili zangu amevaa binti yetu.

Mwanangu, wewe unayeniambia huwezi kuanza kwa sababu huna vifaa, sikia. Mchagua jembe si mkulima. Shika ulicho nacho, kichonge, kikijikunja tafuta kingine kigumu zaidi. Uliza hata asiyejua kazi yako, maana macho yake hayajazoea. Lakini jua mpaka: mbadala ni wa kufanyia kazi, si wa kumbebea mtu. Pale uhai wa mwenzako unapokaa, usiweke msumari. Na kijana akikaa chumbani amevunjika moyo, usimkimbilie na dhahabu. Mkumbushe kwanza alichofundishwa.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na nyumba yenye watu wa kukushikia bomba unapoinua nyundo. Amina.